Mwaka wa Mabroka Wawili

Hamisi hanipigii simu Jumapili mchana. Saa hizo mimi nimetoka kanisani, nimevua viatu, sitaki mtu, na yeye analijua hilo tangu ujana wetu. Kwa hivyo nilipoona jina lake kwenye simu nilijua tu kuna mtu amekufa. "Nafula," akasema, bila salamu, bila kuuliza watoto wako aje, "Daktari Wanjala alizikwa jana. Huko huko Malakisi. Mimi mwenyewe nimejua sahi, nimeambiwa na jamaa mmoja wa tumbaku." Alizikwa jana! Si kwamba ameaga na anazikwa wiki ijayo, njoo tuchange tukodi hema. Amezikwa, udongo umekaa, sufuria za matanga zimeoshwa na kurudishwa kwa wenyewe. Nilikaa kitandani na kiatu kimoja mkononi, nimekasirika kabisa, na sikujua nimemkasirikia nani. Mume wangu akauliza huyo Wanjala ni nani. Tumeishi pamoja miaka hii yote na sikuwahi kumtaja. Nikamwambia ni daktari wa ng'ombe niliyefanya kazi naye mwaka mmoja. "Mwaka mmoja tu?" akasema, akakaa kando yangu asijue machozi yametoka wapi.

Habari za nilikozaliwa na shule nilizopita naziruka, hazina kazi hapa. Naanzia kwenye chumba cha juu pale Kitale, juu ya duka la dawa za mifugo, ambako harufu ya dawa ya kupe ilipanda kupitia mbao za sakafu na kuingia mpaka kwenye mandazi. Nilikuwa mchanga, nimetoka chuo juzi, kichwa kimenivimba ati mimi ndiye mtaalamu wa kompyuta. Kampuni yetu ilikuwa ndogo, watu wa kuhesabika, na kazi yake ilikuwa moja. Ng'ombe wa mkulima akitaka dume, mkulima anatuma ujumbe kwa simu, na daktari wa kupandisha anakuja na pikipiki na ule mtungi wake wa mbegu za dume unaotoa moshi wa baridi. Mtu wa mjini hawezi kujua haraka ya jambo hili. Ng'ombe akianza kupiga kelele asubuhi, kesho yake mchana ameshapoa, na ukimkosa hapo unakaa wiki na wiki ukimngoja tena, na nyumba nzima inakunywa chai ya rangi.

Katikati ya mkulima na daktari palikuwa na programu tuliyoiita broka. Watu wa Kitale wanamjua broka wa mahindi, yule anayesimama katikati, anapokea kwa huyu na kumfikishia yule. Wetu alikuwa broka wa ujumbe. Ujumbe wa mkulima ukiingia, anaupanga kwenye foleni na kuupeleka kwenye simu ya daktari. Daktari akimaliza na ng'ombe anabonyeza "Nimemaliza", ndipo broka anaufuta. Kabla ya hapo anaushikilia tu, hata stima ipotee, hata daktari aingie bonde lisilo na mtandao. Kitale tulikuwa na broka mzito anayetaka kompyuta ya nguvu. Bungoma kompyuta ilikuwa kuukuu, kwa hivyo kule kukawekwa broka mwingine, mwepesi, aliyetengenezwa na watu wengine kabisa huko duniani. Wote wawili walidai kufuata kanuni zilezile, na programu yetu iliyoongea nao ilikuwa ileile, neno kwa neno. Niliamini kwamba ikifanya kazi kwa mmoja itafanya kwa mwingine. Ujana una raha yake.

Aliyemlea yule broka wa Bungoma alikuwa Hamisi. Ofisi yake ilikuwa chumba cha nyuma kwa fundi wa nguo, karibu na msikiti, na ukiongea naye kwa simu unasikia cherehani ikikimbia, pasi ya makaa ikigongwa, na fundi akigombana na mteja kuhusu kiuno cha suruali. Hamisi ni mtaratibu, mimi ni mtu wa kelele. Asubuhi nilikuwa nafungua siku kwa kumchokoza: "Sasa Hamisi, huyo mgonjwa wako ameamka?" Naye: "Ameamka, anakunywa uji, anauliza wewe utaolewa lini." Nikienda Bungoma siku ya Ijumaa mama yake alinitengea pilau kwenye sahani yenye maua, akanikalisha jikoni na wanawake wa nyumba na kunilazimisha niongeze. "Kula, mwanangu, hao wa Kitale wanakulisha githeri tu." Nilikula. Nikiufikiria mwaka ule sasa, kinachonijia kwanza si kompyuta, ni zile sahani.

Halafu Daktari Wanjala. Kwa umri angeweza kutuzaa sote wawili. Alikuwa mrefu, gamubuti mpaka magotini, sauti ya kupaza hata akiwa amesimama karibu nawe. Upande wote wa Naitiri ulikuwa wake, na ujumbe wa huko ulipitia kwa broka wa Bungoma. Alikuwa na majivuno, na sitamsafisha kwa sababu amekufa: alipenda kusifiwa, alipenda kuitwa daktari mara mbili katika sentensi moja, na hakuamini kwamba kuna mtu mwingine kuanzia Moi's Bridge mpaka Malakisi anayejua kumshika ng'ombe. Lakini uongo hakuwa nao. "Mimi nikisema nimefika, nimefika," alikuwa akisema, "na nikisema sijafika, usinitafute." Wakulima walimwachia boma wazi wakaenda zao shambani. Wajane walimwonyesha ufunguo unapowekwa. Jina lake ndilo lilikuwa mali yake, na nilipoanza kumjua vizuri lilikuwa limeshaanza kuchafuka.

Malalamiko yalianza na mvua za kwanza. Mkulima wa Naitiri alipiga simu Bungoma: ng'ombe wangu amelia, nimetuma ujumbe, daktari hajaonekana mpaka ng'ombe akapoa. Hamisi akaangalia kompyuta. Kompyuta ikasema kazi imekamilika. Wiki iliyofuata mkulima mwingine, na kompyuta tena: imekamilika. Hamisi akamuuliza Wanjala kwa heshima zote, na Wanjala akashangaa. Ujumbe huo aliuona asubuhi, akaenda mahali, kurudi kwenye simu haupo. "Nikajua mmempa daktari mwingine," akasema. Na kweli ndivyo ilivyokuwa kawaida, kazi ikihamishiwa mtu mwingine inatoka kwenye simu yako. Lakini hatukuwa tumempa mtu. Basi ikawa hivi: mkulima anasema daktari hakuja, na kompyuta inasema daktari mwenyewe amebonyeza kwamba amemaliza. Kwa mtu asiyejua kwamba kompyuta inaweza kukosea, huo ni uongo mtupu. Pale senta ya Naitiri watu wakaanza kusema siku hizi Wanjala anapandisha ng'ombe akiwa amekaa hotelini. Wakaongeza na jambo lililomuuma zaidi, ati akienda mahali popote, anaenda kwa wakwe zake. Mkewe, Mama Sitati, alizaliwa hapo hapo Naitiri, na ng'ombe wa nyumba ile hawakuwahi kukosa daktari hata siku moja. Mimi niliyachukua hayo kama umbea wa senta.

Bosi wetu alikuwa mtu wa kutaka mambo yaishe. Alituita mimi na Hamisi, akasema tuna mpaka wakati wa mavuno kumwonyesha kwamba ni hitilafu ya mashine. Tusipomwonyesha, Wanjala anarudisha mtungi, na wakulima wataelezwa sababu mbele ya kila mtu. Nilitoka pale nimeapa. Nikampigia Daktari simu, nikamwambia, "Baba, usiwe na wasiwasi, sisi tutaipata." Akacheka kile kicheko chake kikubwa. "Itafuteni basi, msichana wangu," akasema. "Mimi nimechoka kuangaliwa."

Tuliitafuta. Jamani, tuliitafuta! Kila asubuhi nilituma ujumbe wa majaribio pale Kitale: ng'ombe wa kwanza, ng'ombe wa pili, ng'ombe wa tatu. Nabonyeza nimemaliza kwa wa kwanza, anafutika. Wa pili, anafutika. Wa tatu, naye. Safi kabisa. "Kwangu iko sawa," namwambia Hamisi. "Na kwangu iko sawa," anajibu, kwa sababu naye alituma watatu wake akawamaliza kwa mpangilio uleule, kama tulivyofundishwa kuhesabu. Tukabadilisha nyaya. Tukalinganisha saa za kompyuta zote mbili. Hamisi akazima stima makusudi katikati ya kazi, fundi wa nguo akamtukana mpaka basi, na broka akaamka akiwa bado ameshika kila ujumbe. Hapo tukaanza kugombana sisi wenyewe. Nilimwambia broka wake ni takataka aliyookota njiani. Akaniambia programu yangu inaongea kama mlevi. Nikamkatia simu, na kwa siku kadhaa tukawa tunawasiliana kwa maneno mafupi kama watu waliofikishana kwa chifu. Mahindi yakatoa ndevu, yakaanza kukauka, na bado kila wiki ng'ombe mmoja au wawili wa Naitiri walipoa bila daktari.

Kitale hakuna aliyelalamika, na hilo ndilo lilinitia wazimu. Daktari wetu wa huku, mtu mnene, mcheshi, aliendesha kazi yake kwa kufuata chai. Anaanza na boma lenye chai nzito na mayai, wengine watangoja. Kila mtu alijua, tulimcheka naye akacheka. Mwishowe alifika kwa wote, na wote walimpenda. Simu yake ilikuwa na programu ileile aliyokuwa nayo Wanjala.

Aliyenifungua macho ni Mama Sitati, na hakujua amefanya hivyo. Mimi na Hamisi tulikuwa tumeenda nyumbani kwa Daktari, nje kidogo ya senta, kuikagua simu yake. Hatukuona kitu. Lakini ukienda kwa Wanjala huwezi kutoka bila kula, kwa hivyo Hamisi akapewa kisu na jogoo akachinje mwenyewe nyuma ya nyumba, ndiyo ale kwa amani, naye Daktari akasimama kando akimwelekeza kana kwamba Hamisi hajawahi kuona kuku. Tukakaa kwenye kile chumba chenye vitambaa vyeupe kila kiti, mtungi wa mbegu umewekwa pembeni kwa heshima, tukaletewa ugali wa wimbi, kuku, na mrenda uliokolea. Jikoni palikuwa karibu, mlango ni pazia tu, na Mama Sitati alikuwa huko na jirani yake wakicheka. "Huyu mzee wangu anaogopa mama yangu kuliko Mungu," alikuwa akisema. "Leo alikuwa na simu za watu tangu alfajiri, yuko njiani anaenda, ujumbe wa kwetu ukaingia. Akageuza pikipiki! Amepandisha ng'ombe wa mama, ametoroka kama mwizi kabla mama hajatoka nje, hata maji hajaonja." Jirani akacheka mpaka akakohoa. "Sasa afanye aje? Unataka amwambie mama mkwe apange foleni?"

Tonge lilinisimama mkononi. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawashikani mkono, hawakai chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja anapisha na kutazama kando. Ombi la nyumba ile haliwekwi nyuma ya ombi la mtu mwingine, na anayeliweka nyuma amemvua mke wake nguo mbele ya watu. Hamisi, mtoto wa mjini, hakulelewa na mambo hayo. Mimi nimekulia ndani yake, nayajua kama ninavyojua njia ya kisimani, na miezi yote ile sikufikiri kwamba yanaweza kuingia kwenye foleni ya kompyuta. "Daktari," nikauliza, "ukitoka kwa wakwe, unabonyeza nimemaliza saa ngapi?" "Hapo hapo kwa lango." "Na zile simu zilizokuwa mbele yao?" Akainua mabega. "Si nimewaambia? Nikitazama, hazipo."

Hatukumaliza hata ugali, jambo ambalo Mama Sitati alilitaja kwa masikitiko tulipokuwa tunaaga. Mchana uleule, kwenye chumba cha Hamisi, fundi akipiga pasi upande wa pili, tulituma ng'ombe watatu kwa broka wa Bungoma na kummaliza wa tatu kwanza. Wote watatu wakafutika, na kompyuta ikaandika bila aibu: imekamilika, imekamilika, imekamilika. Tukaingia kwa mtandao mpaka kwa broka wa Kitale, tukafanya vilevile. Wa tatu akafutika, wa kwanza na wa pili wakabaki wamekaa. Hamisi akasema "Subhanallah." Mimi nikasema neno ambalo sitaliandika. Kwa broka wa Kitale, nimemaliza maana yake ilikuwa nimemaliza huyu. Kwa broka wa Bungoma, ilikuwa nimemaliza huyu na wote waliomtangulia. Kanuni ziliruhusu yote mawili usipotaja unayoitaka, na kila fundi duniani alikuwa amechagua yake. Dawa ilikuwa kuongeza neno moja kwenye programu. Neno moja! Hamisi aliichukua tepu ya fundi ya kupimia nguo akajivika shingoni, akacheza katikati ya vitambaa, na mimi nikampigia Daktari simu nikipiga kelele kama mtu aliyejifungua.

Furaha yetu ilikuwa ya watu wajinga. Nasema hivyo leo, kwa sababu siku ile niliona kitu kimoja tu: mtu huyu hakudanganya, na sasa naweza kuonyesha. Sikuona kwamba kuonyesha kuna watazamaji. Daktari wetu wa Kitale aliruka foleni kila siku kwa ajili ya mayai ya kukaanga, na broka wake akamsitiri mpaka akastaafu na hotuba na blanketi jipya. Wanjala aliiruka kwa heshima, na broka wake akamwanika. Nimefanya kazi na mashine maisha yangu yote baada ya hapo, nimeona zikivunjika kwa njia nyingi, na bado sijaona kitu kilichoniudhi kama hicho.

Bosi alikubali tuwaeleze wakulima. Walikusanyika kwenye ghala la mahindi pale Naitiri, mavuno yalikuwa yameanza kuingia, watu wamekalia magunia, vumbi la makapi linapepea kwenye mwanga wa mlango. Daktari alikuja amevaa koti na tai, viatu vimepigwa rangi. Alikuwa amejiandaa kusema, nilimwona njiani akijisomea midomoni. Lakini alipofika mlangoni alisimama. Mama mkwe wake alikuwa ndani, amekaa kwenye gunia la mbele na leso yake kichwani. Alikuwa mkulima kama wengine, ana ng'ombe wake, ana haki ya kuja. Wanjala hakuingia. Alizunguka ghala akasimama nje ya dirisha, na kutoka pale nilipokuwa niliona kofia yake tu.

Nikaeleza. Nilieleza vizuri, na hilo nalo linaniuma, kwa maana ningeeleza vibaya labda wasingeelewa. Nikasema broka hushika ujumbe, broka wa Bungoma alikuwa akifuta na ujumbe uliotangulia, daktari hakujua, daktari hakudanganya. Mzee mmoja aliyekuwa amepoteza ndama wawili hivyo akainua mkono. "Madamu, hebu twende porepore. Ujumbe wangu ulifutika saa gani?" Nikasema ulifutika daktari alipobonyeza kwa nyumba nyingine. "Nyumba gani?" Nikatazama dirishani. Nikasema, nyumba aliyoanza nayo. "Na hiyo nyumba ilituma ujumbe kabla yangu?" "Hapana, baba. Baada yako." Mzee akawageukia wenzake, hakuwa na ubaya wowote usoni, alikuwa mtu aliyepata jibu lake. "Si ndivyo tulisema? Mashine haijakosea. Imemtaja tu." Ghala likacheka. Kijana mmoja nyuma akapaza sauti, "Basi na sisi tuoe huko!" na kicheko kikawa kikubwa zaidi. Nikapiga kelele, jamani, angekuja kwenu wote, alikuwa njiani, ujumbe ndio ulipotea! Nani asikie? Bosi akainuka akasema mambo sasa yametengenezwa, tusonge mbele.

Mama mkwe akasimama. Kicheko kilikatika, kila mtu akakumbuka ghafla kwamba alikuwa ndani. Alikaza leso yake, akatembea polepole kuelekea mlangoni, akatoka, akashika njia ya kando ya ukuta, upande uleule aliokuwa amesimama Wanjala. Akamwona, naye akamwona. Na Daktari wangu mwenye sauti ya kupaza, aliyekuwa na maneno yake yote tayari kinywani, akafanya alichopaswa kufanya: akageuka akatazama ukuta mpaka mama akapita. Sisi tuliokuwa ndani tuliona mgongo wake dirishani. Kama angeweza kuingia angesema, na watu walizoea kumwamini akisema. Lakini hangeweza kuingia, na hata angeingia hangeweza kutamka mbele ya mama yule kwamba taabu yote imetokana na kumheshimu yeye.

Hakufukuzwa. Watu husahau jambo hilo, hata Hamisi husahau. Bosi alimwambia aendelee. Yeye mwenyewe aliuleta mtungi Bungoma wiki hiyohiyo, ameupangusa, akauweka kwenye meza ya Hamisi, akamuuliza Hamisi hali ya mama yake, akaondoka. Mama mkwe aliacha kuja sokoni kwa aibu. Kabla ya Krismasi tukasikia Wanjala amehamia Malakisi na mke na watoto, kwa shamba la binamu yake, analima tumbaku.

Sasa Hamisi anasema twende Malakisi wiki ijayo tumpe pole mjane. Tutaenda. Tumeshakubaliana nani atabeba nini, unga, sukari, majani ya chai, kama watu wazima wanavyofanya. Lakini namwogopa Mama Sitati, na Hamisi anajua kwa nini, kwa sababu mara ya mwisho tulipomwona tulikuwa pamoja. Ilikuwa mwisho wa mwaka ule ule. Tulikwenda kumwambia Daktari kwamba neno limeongezwa, kwamba tumejaribu kila namna, wa tatu kwanza, wa pili kwanza, na hakuna ujumbe unaopotea tena, na kwamba Bosi anamtaka arudi. Tulimkuta amekaa kwenye kiti cha mbao nje ya banda la kukaushia tumbaku, bila gamubuti, amevaa ndara. Alitusikiliza mpaka mwisho. Alituita watoto wazuri.

"Sawa, mmerekebisha," akasema. "Asanteni. Sasa niambieni kitu kimoja. Nimerudi Naitiri. Watu wametuma, wako mbele, halafu simu ya mama imeingia. Nikianza na yeye, senta nzima inanitazama: ona, si tulisema? Nikimweka nyuma, huyu," akamwelekezea mkewe kidevu, "ataenda kwao na uso gani? Zamani nilikuwa nafanya na hakuna mtu anaona, na wote walikuwa wanapata ndama. Sasa wameona. Hiyo mtaiongezea neno gani?"

Mama Sitati alikuwa amekaa chini, anatunga majani ya tumbaku kwenye kijiti, vidole vyeusi kwa utomvu. "Dada Nafula," akasema, bila kuinua macho, "nikuulize. Ile mashine ya Kitale. Kama ndiyo ingewekwa Bungoma, na mzee akafanya vile vile tu alifanya, tungekuwa nyumbani?"

Nilitafuta jibu lingine. Hata leo nimelitafuta, nimekaa hapa kitandani na kiatu mkononi.

"Ndiyo, mama," nikamwambia. "Mngekuwa nyumbani."

"Na mama yangu angekuwa anaenda soko."

"Angekuwa anaenda."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayeelezwa njia na kuielewa. "Haya," akasema, akachukua jani lingine.